Ungo, Upepo na Pepe

Wimbi halipepetwi asubuhi. Asubuhi upepo wa Mulanda bado umelala, na ukimimina nafaka kutoka juu itatua chini na makapi yake yote kama hukuigusa. Shangazi yangu, aliyeolewa huku Padhola, mashariki mwa Uganda, kabla mimi sijazaliwa, huanika asubuhi, hupura adhuhuri, kisha huketi chini ya mwembe akingoja. Kwenye saa tisa alasiri, majani yanapoanza kugeuka na kuonyesha upande wa chini, husimama, huinua ungo hadi usawa wa paji la uso, na kuumimina polepole. Punje nzito huangukia turubai miguuni pake. Makapi hupeperuka kwenda kwa jirani. Na pale katikati huanguka kitu cha tatu, kinachomuudhi kuliko vyote: punje yenye umbo la punje na rangi ya punje, ila ndani tupu.

"Hii haina mtu ndani," aliniambia akiiponda kwa ukucha. Kiswahili chake ni cha soko la Busia, mpakani na Kenya, alikouza samaki wakavu kwa miaka mingi. Hakijali ngeli, lakini hakikosi la kusema. Kiswahili cha kamusi nacho kina jina la punje ya namna hiyo. Kinaiita pepe.

Wakati ananionyesha nilikuwa nimeshika simu, nasoma barua pepe. Tumeizoea mno hata hatuisikii tena. Na siku hizi kuna uhalisia pepe, ule ulimwengu wa kwenye miwani ya kompyuta. Waliounda istilahi hizi nadhani walifikiria upepo, kitu kinachosafiri hewani bila kushikika. Mkulima akilisikia neno pepe husikia punje tupu. Lina ukoo mpana: upepo, kupepea, kupeperusha, kupepeta, na pepo anayempanda mtu kichwani, na Pepo tunayoombewa tukifa, yote yanasikika kama yametoka nyumba moja. Upande wa pili wako halisi na safi, wageni wa Kiarabu waliolowea kwetu: halisi ni kile kisichochanganywa, safi ni kile kisicho na taka. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba uhalisia pepe na nishati safi ndizo teknolojia za kesho, ninachosikia ni kazi ya shangazi, yaani kutenganisha. Tena nataka kujua nani ameshika ungo, na kipi kinamwangukia miguuni.

Miwani ilikuwapo hapo hapo uani. Mjukuu wa shangazi anayesoma Kampala alikuja nayo likizo, kaiazima kwa mwenzake. Ni kifaa kinachofunika nusu ya uso kama kinga ya fundi wa kuchomelea vyuma, na kina mkanda wa kukazwa kisogoni. Ndani kila jicho huonyeshwa picha yake, iliyopishana kidogo na ya jicho la pili, na ubongo ukiziunganisha huona kina pasipo na kina. Vihisi hukifuata kichwa: ukigeuka, dunia nayo inageuka. Kifaa cha kwanza cha namna hii, alichokiunda Ivan Sutherland huko Marekani mwaka 1968, kilikuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Siku hizi kuna vya nusu kilo, na Nairobi studio ya BlackRhino VR imekuwa ikitengeneza kazi za aina hii tangu 2015.

"Anko, keti kwanza," kijana alinionya. Sikuketi. Nikajikuta ndani ya mashua, wimbi likaja, mashua ikalala ubavu, na mimi niliyesimama juu ya udongo mkavu wa Mulanda nikashika hewa. Dakika ya tatu nikavua, nikaenda nyuma ya ghala kutapika. Sababu yake inajulikana: macho yanaapa kwamba unayumba, umajimaji wa sikio la ndani unaapa kwamba umesimama wima. Mwili ukiletewa mashahidi wawili wanaopingana, tumbo ndilo linalotoa hukumu.

Shangazi yeye aliketi kama alivyoambiwa, akakaa humo dakika kumi na moja. Nilihesabu. Hakunyoosha mkono kushika samaki, hakupiga ukelele, hakufanya hata kimoja cha yale tunayopenda kusimulia kuhusu wazee na mashine. Aliangalia tu. Alipovua aliuliza mashua ile ilikuwa inaelekea wapi. Kijana akamjibu kwamba haielekei popote, inazunguka, ikifika mwisho inaanza tena.

"Mngeniambia mapema," akasema, "nisingewaacha mbuzi bila maji."

Mwaka 1974 mwanafalsafa wa Marekani Robert Nozick aliuliza swali ambalo wanafunzi wa falsafa wangali wanahangaishwa nalo: kungekuwa na mashine ya kukupa kila raha uitakayo, ukaishi ndani yake usijue kwamba umo, ungekubali kuingia? Wengi husema hapana, kisha hutaabika kueleza kwa nini. Nozick mwenyewe alijibu kwamba binadamu anataka kutenda jambo, na ladha ya kutenda haimtoshi. Shangazi alikuwa na jibu fupi zaidi. Kuna mbuzi anayengoja maji. Mahali pa kweli ni pale ambapo ukiondoka kuna anayepungukiwa, na katika bahari ile ya miwani hakuna samaki hata mmoja aliyejua kwamba shangazi ameondoka.

Nilidhani nimemaliza hoja. Ndipo miwani ikazima kwa kukosa chaji, na nishati safi ikaingia katika mazungumzo yetu kwa mlango wa ugomvi.

Paneli ya sola ya nyumba ile ni ndogo, imefungwa juu ya bati, inawasha taa tatu na redio na kuchaji simu. Mwaka ilipofungwa, mwembe haukuifikia. Sasa tawi moja limetambaa mpaka juu ya paa, na kuanzia saa saba mchana kivuli chake kinakata paneli kona moja. Kona tu, upana wa kiganja. Mtu angetarajia umeme upungue kwa kiasi cha kiganja. Haupungui hivyo. Vijiseli vya paneli vimefungwa mfululizo kama watu waliojipanga kutoka kisimani wakipokezana ndoo. Mmoja akisinzia, mstari mzima unasimama, hata kama waliobaki wana nguvu za kubeba ziwa. Ndiyo maana kivuli kidogo huweza kuzima sehemu kubwa ya kazi ya paneli, na ndiyo maana kwa shangazi taa zilikuwa zinakata kabla ya taarifa ya habari ya usiku.

Kijana alitaka panga. Shangazi alikataa. Chini ya mwembe ule amezikwa mumewe, kwa kuwa Wapadhola huzika nyumbani, na tawi lile ndilo linalolifunika kaburi jua likielekea magharibi.

"Unataka kumvua babu yako shuka?" alimuuliza.

Nilikaa kimya, maana hapa mizani yangu ilikuwa imeharibika. Kivuli hakina uzito. Huwezi kukifunga kwenye gunia wala kukipeleka sokoni. Kwa kipimo cha kawaida hakuna kilicho pepe kuliko kivuli. Lakini kimezima taa tatu, kimegombanisha bibi na mjukuu, na kinamstiri marehemu. Katika Kiluo na lugha ndugu zake, kama ya Wapadhola, kivuli ni tipo, na kwa wengi wa watu wa lugha hizo neno hilo hilo humtaja pia aliyekufa kwa namna anavyoendelea kuwapo. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoeleza jinsi alivyopoteza imani na macho yake mwenyewe, alianza na kivuli. Ukikitazama, alisema, utaapa kwamba kimetulia. Ukirudi baada ya saa moja utakuta kimehama. Alitaka kuonyesha kwamba jicho ni shahidi dhaifu. Mimi nachukua jambo jingine kwake: kivuli kinafanya kazi hata wakati hatukioni kikifanya.

Basi tulikosea kuanzia kwenye neno. Punje ya pepe inashikika. Unaweza kuipima, kuiweka kwenye kiganja, hata kumuuzia mjinga. Upepe wake ni kukosa kitu ndani, wala hauhusiani na kuonekana au kugusika. Kama ni hivyo, hatuna haki ya kuidharau picha kwa kuwa ni picha, wala kuuheshimu mnara wa chuma kwa kuwa ni chuma. Inabidi kuponda kila punje kwa ukucha.

Tuiponde kwanza picha. Mwaka 2009 wapimaji waliipitisha miale ya leza juu ya makaburi ya Kasubi jijini Kampala, walimozikwa Makabaka wanne, wafalme wa Buganda, wakayahifadhi kwa kompyuta kama mamilioni ya nukta. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliyojengwa 1882, iliteketea. Nukta zikabaki. Ungedhani kwamba aliye na nukta ana nyumba, kazi iliyobaki ni ya mafundi tu. Ujenzi ulichukua zaidi ya muongo mmoja. Kila ukoo una kazi yake pale, na kuezeka ni kwa watu wa ukoo wa Ngeye. Leza ilijua paa lina mwinamo wa kiasi gani. Haikuwa na haki ya kupanda juu yake. Na ndani ya nyumba ile kuna pazia la magome ya mti, na nyuma yake panaitwa Kibira, msitu, ambako Makabaka husemwa wamepotelea. Kwa Waganda Kabaka hafi, huingia msituni. Waliingojea nyumba hadi ilipokamilika, na Septemba 2023 UNESCO ikaitoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Picha ile haikuwa pepe, ilihifadhi vipimo vya kweli. Ila ilikuwa kama mbegu: bila watu wanaojua zamu yao ingebaki kwenye gunia.

Kenya kuna mfano unaoniuma zaidi. Watafiti, akiwamo Chao Tayiana Maina, wamezijenga upya kwa kompyuta kambi za kizuizini za wakati wa Mau Mau, kama vile Aguthi na Mweru, ambazo leo ni shule. Wakoloni walipoondoka walichoma nyaraka nyingi na nyingine kuzificha Uingereza. Za kufichwa zilikuja kukiriwa mwaka 2011 tu, wazee walipoishtaki serikali ya huko. Kwa hiyo unaweza kusimama kwenye uwanja wa shule, juu ya udongo unaoshikika, kando ya ukuta unaoshikika, na usione kitu. Ukweli wa mahali pale umo kwenye picha ya kompyuta na kwenye vinywa vya wazee waliobaki. Hapo pepe ni uwanja.

Sasa nishati. Hapa ukucha wangu ni mkali zaidi, labda kwa kuwa nimelala gizani mara nyingi. Katika kaunti ya Marsabit, kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, minara 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310 ilikamilika kusimikwa mwaka 2017. Upepo ulikuwapo, na pale huvuma kuliko karibu popote Kenya. Kilichokosekana ni waya wa kilomita zaidi ya 400 wa kuufikisha umeme kituo cha Suswa, ambao haukuwa tayari hadi Septemba 2018. Katika kungoja huko serikali ilitozwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Minara ile unaweza kuigusa, ni chuma cha kweli. Kwa mwaka mzima na zaidi ilipepeta hewa na hakuna punje iliyoanguka.

Huku kwetu mpakani jambo hilo tunalijua kwa sura nyingine. Bwawa la Owen Falls kule Jinja, leo Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954, na katika miaka hiyo hiyo ukafanywa mkataba wa kuiuzia Kenya megawati 30. Nyaya zilipita Tororo. Vizazi vya watu wa eneo hili wameota mvi wakiutazama umeme ukivuka mpaka bila pasipoti huku wao wakipika kwa mafiga matatu. Mwaka 2017 Tororo ikapata mtambo wake wa jua wa megawati 10, baada ya ule wa Soroti wenye uwezo huo huo wa Desemba 2016, na umeme wake nao unaingia kwenye gridi. Siulaumu, gridi ni ya wote. Lakini mtu aliye chini ya waya, asiye na mita, umeme kwake ni ule wa kwenye miwani: anauona, anausikia ukinguruma wakati wa mvua, na akinyoosha mkono hapati kitu.

Halafu kuna ujanja mpya, na huu sijui niuite nini. Paneli ya shangazi ilinunuliwa kwa mkopo wa kulipia kidogo kidogo kwa simu, mtindo ulioshika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2010 baada ya watu kuzoea M-Pesa, kisha ukavuka mpaka. Umewatoa watu wengi kwenye kibatari na nausifu kwa hilo. Lakini shangazi alikwenda matanga kwa nduguze, akachelewa kulipa siku mbili, akarudi akakuta nyumba giza. Betri ilikuwa imejaa. Jua la jana lilikuwa limo humo ndani, limevunwa juu ya bati lake mwenyewe, na taa haikuwaka kwa sababu tarakimu fulani hazijatumwa. Punje nzito kabisa, ikafanywa pepe na mtu aliye mbali kwa kubonyeza kitufe. Alipomaliza deni aliandika kwa chaki kwenye mlango wa ndani tarehe ya malipo ya mwisho. Ipo mpaka leo.

Na neno safi? Moshi wa kuni, makaa na nishati nyingine chafu majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na wanawake na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa hiyo sitaki mtu aniimbie uzuri wa mafiga. Tanzania imeipa nishati safi ya kupikia mkakati wa miaka kumi, ikilenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na hilo ni jambo la maana kuliko miwani yote. Lakini taka hazitoweki, huhamishwa. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, nayo ikaingia katika damu ya watoto wa mtaa. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi humo, alimkuta mwanawe mwenyewe na risasi mwilini. Alipigana hadi kiwanda kikafungwa, akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kobalti ya betri nyingi za simu na vifaa kama ile miwani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayochimba zaidi ya thuluthi mbili za kobalti yote duniani, na baadhi yake huchimbwa kwa sururu na mikono mitupu. Mtu wa Kolwezi, mji wa machimbo hayo, akisikia nishati safi ana haki ya kuuliza imesafishwa kwa maji ya nani. Makapi ya shangazi nayo, nikumbushe, huenda kwa jirani. Jirani hulalamika kila mavuno.

Kesho yake, baada ya ugomvi wa panga, nilipanda boda hadi Busia kununua waya. Hata jina la usafiri huo lilizaliwa kwenye mpaka huu, tangu enzi za baiskeli zilizovusha watu na magunia kati ya kituo na kituo, border hadi border. Ilikuwa teknolojia mpya wakati wake, na nishati yake ilikuwa ugali wa mtama na muhogo. Kijana aliyenibeba anaisubiri pikipiki ya umeme kama zile zilizoingia Kampala na Nairobi. Anachotaka kujua ni kama betri itapanda mlima na magunia mawili. Swali zuri.

Tuliihamisha paneli. Jikoni haikufaa, moshi wa mafiga ungeipaka masizi kabla ya mwezi kwisha. Tuliifunga juu ya banda la mbuzi, hatua kumi na tano kutoka kwenye mwembe, tukaongeza waya mita kumi na mbili, mwekundu na mweusi, na kijana akahamishia kamba ya mbwa huko kwa sababu ya wezi. Tawi halikuguswa. Usiku ule taarifa ya habari ilisikika mpaka mwisho. Miwani ilichajiwa pia, ila hakuna aliyeiomba.

Wimbi lilipopimwa lilitoka madebe mawili na vibaba vitatu. Pepe tuliwamwagia kuku, wakachakura hadi giza.